Siku Niliyokataa Kuzima Pampu

Wajukuu zangu, na nyie vijana wote mnaoshika spana kwenye karakana yetu hapa Jeppestown, Joburg, kaeni mnisikilize. Anayesoma Kiswahili amsomee mwenziwe aliyezoea Kizulu tu. Sina maneno mengi. Ni habari ya bomba moja.

Nakumbuka Alhamisi moja, damu yangu ikichemka bado, babu yenu kasafiri kwenda Tanga kumzika mama yake. Kazi iliyobaki mikononi mwangu ilikuwa ya Mzee Salim, Mzanzibari mwenye nyumba kule Malvern. Yeye aliishi juu, na chumba cha chini kakipangisha kwa Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu. Mzee Salim alifuga samaki wa baharini na matumbawe hai sebuleni kwake. Msicheke. Wengine wanafuga njiwa.

Tangi kubwa la kioo lilikaa juu ya kabati, na ndani ya kabati hilo kuna tangi dogo. Maji hushuka yenyewe kutoka kubwa kwenda dogo, yakachujwa, kisha pampu inayarudisha juu kwa bomba. Hilo bomba la kurudishia ndilo lilikuwa langu.

Kukata, kupiga msasa, kupaka gundi, yote babu yenu alikuwa keshanifundisha, na mkono wangu ulikuwa mzuri, sisemi uongo. Mdomo wa bomba nikauzamisha ndani kabisa ya tangi kubwa, karibu na mchanga, ili maji yasipige kelele. Tangi dogo nikalijaza hadi karibu na ukingo, maana maji hukauka na sikutaka mzee ahangaike kuongeza. Katikati ya bomba nikafunga valvu ya kuzuia maji yasirudi. Nikawasha. Yakapanda kimya, safi.

Mzee Salim akaja na kikombe chake cha chai, akainama, akatazama.

"Mashallah. Sasa zima."

"Nizime nini?"

"Pampu, binti. Zima tuone."

Wanangu, hapo ndipo nilipoharibu. Nilijiambia, huyu ananipima kwa kuwa mimi mwanamke. Angekuwa mume wangu aliyelifunga, mzee angeshukuru yakaisha. Nikamjibu kwa kiburi, "Mzee, kazi ya pampu ni kusukuma, na inasukuma. Valvu ipo. Ukitaka kuiona imezimika, ngoja mgao wa umeme." Nikakusanya vifaa vyangu nikashuka kwa Mama Furaha kupumzika.

Mama Furaha alikuwa anamalizia gauni la harusi la binti wa kanisani kwao. Satini nyeupe, mkia mrefu unaoburuta, harusi yenyewe Jumamosi. Kalivisha sanamu ya kushonea katikati ya chumba. Nikanyoosha mkono.

"Wee mama, usiguse! Mikono yako iko inanuka gundi!"

Saa nane mchana mgao ukaingia, kama ilivyotangazwa. Cherehani ikanyamaza, tukaendelea kuzungumza. Haukupita muda, Mama Furaha akaruka kitini.

"Mayi! Mayi iko inaanguka juu ya kanzu ya arusi!"

Nikatazama dari. Tone likaniangukia mdomoni. Chumvi.

Nikapanda ngazi sijui kwa miguu gani. Pampu ilipozimika, maji ya tangi kubwa yalianza kuvutwa kurudi chini kwa bomba lile lile, na kwa kuwa mdomo ulikuwa ndani sana, hayakuwa na pa kukomea. Valvu niliyoitegemea ilikwama kwa punje ya mchanga, ikabaki wazi. Tangi dogo halikuwa na nafasi hata ya kikombe kimoja, nililijaza mwenyewe. Yakamwagika kwenye sakafu ya mbao. Nikataka kuuinua mdomo wa bomba, gundi ilishakauka. Nikachukua msumeno nikalikata juu ya usawa wa maji, hewa ikaingia, yakakoma.

Mzee Salim alikuwa kapiga magoti na mataulo. Hakupandisha sauti.

"Inavyokwenda uliniridhisha, binti. Nilitaka kuona inavyosimama. Hapa Joburg kila chenye umeme kitasimama tu." Akakamua taulo. "Na mumeo huwa namzimisha mara mbili."

Hapo nilitamani sakafu inimeze.

Chini, Mama Furaha alishalitia gauni kwenye maji baridi kutoa chumvi. Aliniita majina ya Kikongo na ya Kifaransa, sikuomba tafsiri. Upande wa mbele ulishaharibika. Kitambaa kingine cha namna ile hakikuwepo, ikabidi tuukate mkia tuufanye mbele. Ijumaa nzima nilikaa nikifumua nyuzi, yeye akishona. Binti alipokuja kulijaribu akauliza mkia wake uko wapi. Mama Furaha akanitazama. Nikamwambia, mama yake akisikia, kwamba ni mimi niliyeuharibu, na nikamweleza vipi. Binti akalia. Jumamosi akaolewa nalo.

Jumapili nikarudi kwa Mzee Salim. Bomba jipya, mdomo chini kidogo tu ya uso wa maji, na kitundu kidogo pale pale, ili maji yakishuka kidogo bomba linywe hewa na liache kuvuta. Hicho kitundu kisafisheni kwa kijiti kila mara, huziba. Tangi dogo nikalipunguza maji. Nikazima, nikasimama mpaka yakatulia. Nikawasha, nikazima tena bila kuambiwa.

Basi sikilizeni. Anayekwambia ujaribu kazi yako hajakutukana. Ukiona moyo umepanda, ujue pengine kuna kitu hukukikagua. Usitegemee valvu ikufanyie kazi ya kichwa. Na ukimharibia mtu, mwambie wewe mwenyewe, usimwachie mwingine akusemee. Mungu aibariki mikono yenu, awape wateja wasumbufu kama Mzee Salim, na awape subira ya kuwasikiliza.

Babu yenu aliporudi kutoka Tanga nilitoa amri moja nyumbani kwangu, na yeye akiwa wa kwanza kuifuata: anayetoka kazini hapakuliwi chakula mpaka aseme mbele yetu sote amezima nini, na maji yaliishia wapi.