Herufi Saba za Kibali

Shule niliishia darasa la pili, na sioni haya kulisema. Nilichopata nilikipata kwa mgongo wangu. Nilianza kwa kumbebea mizigo Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita afisa wa wanyamapori pale Sumbawanga, nikiteremka naye ukingo mrefu wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Rukwa kuangalia nyati wamebaki wangapi. Siku moja akaona mwandiko wangu umenyooka, akanikalisha mezani niandike vibali vya kuwinda. Mtoto wa wakulima wa ulezi, kiti cha serikali. Wenye maduka wa Majengo waliokuwa hawanijibu salamu wakaanza kuniita mzee, na sina hata mvi moja.

Jambo moja Bwana Nyama hakulijua. Mimi nilikuwa sisomi, nachora. Ukutani palibandikwa orodha ya wanyama, na kila jina nililijua kwa mahali lilipokaa, kama mama anavyojua vyungu vyake gizani. Mtu akitaja mnyama, nainua macho, nanakili herufi moja moja, nagonga muhuri. Mwaka mzima sikukosea.

Kisha serikali ikaanza kuwahamishia watu vijiji vipya. Watu wakashushwa kwenye malori porini na mabati mawili na magunia ya mahindi ya mwaka uliopita. Kutoka kijiji kipya upande wa Kate akaja mzee mmoja mwenye gobore. Alipiga makofi taratibu mlangoni, kama sisi Wafipa tunavyoamkia wakubwa, ingawa mkubwa alikuwa yeye.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, karani. Kijiji kimenituma. Tunaomba kongoni mmoja. Watoto wamesahau nyama inanukaje."

Nikainua macho ukutani. Kongoni na korongo, si yule ndege bali mnyama wa pembe, walikaa mmoja juu ya mwingine, herufi saba kwa saba. Jicho likateleza mstari mmoja. Nikachora, nikagonga muhuri, nikampa. Waraka wa kukataza korongo asiwindwe mwaka ule ulikuwa mezani pangu, nimeuwekea kikombe cha chai.

Kijijini katibu wao alimsomea kibali: korongo mmoja. Mzee akashangaa, halafu akafurahi. Korongo ni mkubwa zaidi. Alisema serikali imeona wanakijiji ni wengi.

Sheria ilitaka mwindaji alete pembe ofisini ili kibali kifungwe. Wengi hawakuleta. Yeye alileta, akizibeba begani njia nzima kwa miguu, akaziweka sakafuni mbele ya Bwana Nyama kama mtu anayetoa mahari.

Bwana Nyama alizitazama muda mrefu. "Hizi za nani?"

"Za korongo, bwana. Kama mlivyoandika."

Bwana Nyama akachukua kibali, akakisoma, akanigeukia mimi. "Uliandika nini wewe?"

Ningesema nimekosea, ningerudi kubeba mizigo. Nikasema, "Kongoni. Huyu amebadilisha."

Akataka kitabu chenye kopi. Nikaenda kukitafuta kabatini. Kopi ya kaboni ilikuwa imefifia, na kalamu ya risasi ilikuwa sikioni. Siku ile ndiyo niliyosoma kweli kwa mara ya kwanza. Kila herufi niliiangalia usoni. Nikapita juu yake, herufi saba, mpaka ikawa kongoni.

Bwana Nyama akalinganisha kopi na kibali, kisha akamgeukia mzee. Mzee akaniangalia mimi, akasema, "Karani, mimi hata herufi ya kwanza siijui. Nimebadilisha kwa nini, kwa meno?" Askari mlangoni akacheka. Bwana Nyama hakucheka. Hakimu alimpa miezi sita, na gobore likachukuliwa.

Alipotoka alikuja nyumbani kwangu Mazwi, mchana, nikiwa nakula. Amekonda, kichwa kimenyolewa. Nikamkaribisha ugali, akakataa. Akachutama uani, akaokota kijiti.

"Gerezani kuna kisomo," akasema. "Wametufundisha."

Akaandika mavumbini KONGONI. Chini yake akaandika KORONGO. Herufi zake zilikuwa mbaya kuliko zangu, lakini hakunakili popote. Akahesabu kwa kidole.

"Saba na saba. Zinafanana. Hata mimi ningekosea." Akafuta lile la chini kwa kiganja. "Sikuja kugombana, mwanangu. Miezi imekwisha. Gobore ndilo sina. Nyani wanamaliza mahindi ya kijiji kizima, na mwenye bunduki nilikuwa mimi. Waandikie barua. Sema ulikosea, basi. Watanirudishia."

Nikamwambia nitafikiria. Akapiga makofi yake taratibu, akaondoka.

Nilikuja kuwa mkubwa wa ile ofisi. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, watoto wangu wote wamesoma, na hakuna mtu aliyenipa bure hata msumari. Hayo siyafuti. Lakini miaka ile, kila nilipopita na gari la ofisi njia ya Kate, nilimwona amekaa juu ya kichuguu katikati ya shamba, anagonga debe. Nyani wanakimbia kidogo, wanarudi. Akiliona gari alisimama, anaacha kugonga, anatazama kama kuna karatasi itakayotolewa dirishani.

Dereva aliwahi kuniuliza, "Mzee, yule anakusubiri wewe?"

Nikamwambia aongeze mwendo.