Dada na Mashine ya Shemeji

Dada yangu uchafu hauvumilii. Akiona kutu ataikwangua, akiona vumbi atalipuliza mpaka lihame mtaa. Ndiyo maana mashine ya kuchapia ya marehemu shemeji ilipoingia kwenye chumba changu cha uani, kitu cha kwanza alichofanya ni kuisafisha. Aliisugua kwa mafuta ya taa, brashi ya waya na kisu mpaka chuma kikang'aa. Balaa lote lilianzia hapo, ingawa hatukujua.

Dada na shemeji walizeeka pamoja kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji. Dada alikuwa mpangaji wa herufi, akiziokota herufi za madini ya risasi moja moja na kuzipanga mistari. Mumewe alikuwa mchapaji, akikanyaga pedali na kuilisha mashine karatasi. Hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake. Kiwanda kilipofungwa walipewa mashine ile, na shemeji alipofariki, dada akaapa kwamba itachapa tena. Lakini chumba nilikuwa nakihitaji. Kijana wangu anarudi na mkewe, walale wapi, juu ya gurudumu la mashine? Tukakubaliana: isipochapa vizuri kufikia Jumamosi, mnunuzi wa vyuma chakavu aje aibebe.

Jumamosi ikafika. Dada alikuwa amepanga mstari mmoja tu: TUNAPOKEA KAZI KUANZIA LEO. Akakanyaga pedali, gurudumu likazunguka, mabamba mawili yakafumba kama taya, yakafumbua. Akachomoa karatasi. "Tunapokea kazi" ilikolea vizuri, "kuanzia" ilififia, "leo" haikuwepo kabisa.

"Tunapokea kazi, lini sasa?" nikamuuliza.

"Usinitanie, mdogo wangu. Leo sina uso wa kucheka."

"Nani anatania? Chumba changu hicho."

Akakaza boliti za upande wa kulia. Wapi! Akaongeza wino, "kazi" ikawa dimbwi jeusi, "leo" haijulikani ilipo. Akabadilisha rola, akapanga herufi upya, akarudia tena. Mimi nilishashika spana mpaka viganja vikachubuka. Uvumilivu ukaniisha, nikaipiga mashine teke. Nikaumia kidole gumba, na dada hakunipa hata pole.

"Ilikuwa inachapa!" akasema. "Kila siku nilikuwa naiona inachapa. Nimeifanya nini mimi?"

Nje, gari la mnunuzi likapiga honi. Dada akachana karatasi iliyoharibika kwa hasira, akakunja kipande, akakisukuma nyuma ya karatasi mpya, upande ule ule wa kulia. Akakanyaga pedali. "Leo" ikatokea. Herufi ya mwisho ilikuwa nusu tu, lakini neno lilisomeka.

Nikapiga makofi. Yeye alikuwa amejiziba mdomo.

"Kulikuwa na vikaratasi hapa," akasema, akilipapasa bamba linalobeba karatasi. "Vimegandishwa kimoja juu ya kingine, vyembamba kama ganda la kitunguu. Nikadhani uchafu. Nikavikwangua, nikavichoma na takataka."

"Vikaratasi vya nini?"

"Bamba limelika. Shemeji yako alikuwa analisawazisha. Anachapa, anatazama, panapofifia anabandika. Na mimi kila jioni nimesimama mlangoni na mkoba wangu, namwambia aache kuchezea gundi twende nyumbani."

Honi ikalia tena, ndefu, ya mtu aliyechoka kusubiri.

"Kuvirudisha kutachukua muda gani?" nikauliza.

"Sijui. Yeye alivibandika maisha yake yote."

Akavuta kigoda, akafungua kopo la gundi, akaanza kuchana karatasi vipande vidogo vidogo. Kipande cha kwanza kikakaa upande. Akakibandua, akaanza upya.

"Mwanao na mkewe watalala wapi?" akauliza bila kunitazama.

Bado nilikuwa na hasira: na yeye, na kisu chake, na shemeji aliyeondoka bila kumwambia mtu siri ya vikaratasi.

"Sebuleni," nikasema, nikatoka kwenda kumrudisha mnunuzi alikotoka.