Fundo la chukudu kwenye tumbo la Masika

Usiniambie niliota. Mutu anaota akiwa amelala. Mimi nilikuwa nimesimama, kitambaa cha kupangusia vyuma mkononi, jua likianza kupiga mabati ya mtaa wetu wa Majengo.

Shule niliiacha mapema. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ndiyo ilinilea: nilishusha makala ya kupikia na viazi mpaka soko la Birere, na hakuna mutu aliyefunga muzigo kama mimi. Fundo langu halifunguki, linakatwa na kisu. Kwa jasho hilo nilijenga nyumba yangu ya mazoezi, na ile mashini ya kukaza tumbo niliiunga mwenyewe kwa vyuma vya gari zilizokufa. Inalia kama mbuzi anayechinjwa. Ukiikalia, majirani wote wanajua.

Binti yangu Masika aliolewa Butembo. Akiwa na mimba yake ya kwanza, vita imefunga barabara, alinipigia simu.

"Papa, nikizaa, nani atanifunga tumbo? Mama hayuko tena."

Kwetu, mwanamuke akizaa, mama yake anamufunga tumbo na kitenge. Lirudi mahali pake, na yeye ajue amepokelewa.

"Kuja hapa," nikamwambia. "Niko na mashini. Ikishindwa, nitakufunga kama viazi."

"We papa! Mimi ni muzigo?"

Tulicheka sana.

Basi, asubuhi ile nageuka, Masika yuko juu ya mashini. Anainuka, analala, anainuka. Chuma hakilii. Niamini, hata pumzi yake sikuisikia. Tumbo lilikuwa limelegea, na mgongoni hakuna mutoto.

"Masika! Umepita wapi?"

"Papa, mashini yako ni ya bure. Haikazi." Akatabasamu kwa kuchoka. "Nifunge wewe."

Hiyo si kazi ya baba. Lakini angefunga nani? Nikatoa sandukuni kitenge cha marehemu mama yake, kile cha manjano, nikamuzungushia juu ya nguo, nikakaza kwa fundo langu la chukudu. Alikuwa baridi kama jiwe la volkano lililonyeshewa.

"Sasa nimepokelewa," akasema. "Masika mwingine amefika, papa."

Kwetu Wanande binti wa kwanza ni Masika, hakuna kuchagua. Nikajua nina mujukuu wa kike. Nikataka kupiga kelele za furaha, simu ikalia mezani. Nikageuka kuikamata.

Alikuwa mukwe wangu. Masika amezaa, damu ikakataa kusimama, amekufa kabla ya kupambazuka. Mutoto ni muzima.

"Unasema nini? Masika huyu hapa!"

Mashini ilikuwa tupu.

Ningesema ni akili ya uzee. Lakini wamama wa Butembo waliokuja kumuosha walinipigia simu pia. Nani amemufunga huyu? Wamekuta kitenge cha manjano tumboni, fundo limewashinda wote. Nikawaambia wasikate, azikwe nalo. Halafu nikafungua sanduku langu. Unafikiri nilikuta kitu?

Barabara bado haijafunguka. Kaburi sijaliona, wala Masika mudogo sijamubeba. Na mashini haijalia tena. Vijana wanakuja kukaza matumbo yao, wananisifu: "Muzee, umetia mafuta mazuri!" Mafuta gani?

Wewe unayesoma, sikia. Mutoto wako akikufikia bila kelele, usimuulize amepita njia gani. Mufunge, ukaze, na simu iache ilie. Umuangalie mpaka atoke.

Mimi niligeuka.