Leo nimeomba msamaha kwa kumlilia Papa

Ndugu zangu, leo nimefukuzwa kwenye kilio changu mwenyewe.

Saluni nilikuwa off. Neema, Mtanzania ninayekaa naye chumba kimoja hapa Point, Durban, akasema twende ile bustani ya Kijapani tukapumzishe kichwa.

Pazuri kweli. Maji, mianzi, kadaraja kekundu. Kimya.

Tunapiga picha, simu ikalia. Mdogo wangu Jules, kutoka Bukavu.

"Dada, ikaa chini kwanza."

Nikajua.

"Papa ametuacha asubuhi hii."

Sikukaa. Nililia kama tunavyolia kwetu, mikono kichwani, sauti yote.

Mama mmoja akaja mbio. Nikafikiri anakuja kunishika. Akaniomba kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, nipunguze sauti.

Neema akamjibu, "Baba yake amefariki sasa hivi!"

"Pole sana. Lakini kuna harusi pale darajani, na video inachukua sauti."

Nikageuka. Bibi harusi alikuwa ananitazama, maua mkononi.

Mnajua nilisema nini? "Sorry." Mimi! Nikajiziba mdomo na mtandio, tukatoka.

Tangu hapo machozi yamekataa. Kwetu uani watu wamejaa, wanamlilia Papa. Mimi niko kitandani, kimya, na mazishini sitafika, maana karatasi zangu haziniruhusu kuvuka mpaka.

Msiniandikie pole hapa chini, tafadhali. Aliye Durban aje. Nataka watu wa kulia nao kwa sauti.