Nilipeleka Mkojo wa Mke Wangu

Nyinyi mnaoniletea majani chai hapa Sironga mnanijua. Mimi ndiye karani wa mizani. Naingiza mkono hadi chini ya kila gunia, kwa sababu nimeshakuta majani yaliyomwagiwa maji ili yawe mazito, tena ya mzee wa kanisa. Leo nimesimama niwaambie jinsi tabia hiyo ya kushuku kila mtu nusura inikoseshe figo.

Nilikuwa mzima, nabeba magunia bila kuhema. Kisha ubavu wa kushoto ukaanza kuniuma. Maumivu yalikuja na kuondoka, na kila yakirudi yalishuka hadi kwenye korodani. Nilitapika chai ya asubuhi. Siku ya tatu nikakojoa mkojo mwekundu. Niliogopa sana. Nikadhani nimetiliwa kitu kwenye chakula, nikaanza kukumbuka nilikula kwa nani.

Mke wangu, Kemunto, alinipeleka hospitali mjini Kisii. Picha ikaonyesha jiwe limekwama kwenye mrija unaotoka kwenye figo. Wakanitoa damu.

"Damu iko sawa," daktari akasema, "lakini nataka na mkojo. Kuna kipimo kingine."

Nikashtuka. Kama damu iko sawa, mkojo ni wa nini?

"Figo moja ikiumia, ile nyingine inafanya kazi ya zote mbili, na damu inachelewa kuonyesha," alinieleza. "Lakini figo iliyoumia inatoa protini fulani kwenye mkojo mapema. Nikiiona, tunatoa jiwe haraka. Nisipoiona, unaweza kungoja nyumbani litoke lenyewe."

Maneno matamu. Nikajiambia hawa wanatafuta sababu ya kunipasua, heri niwapime wao kwanza. Nikampa Kemunto kile kikombe chenye jina langu, aende nacho choo cha wanawake. Yeye hana ugonjwa wowote. Wakisema mkojo huo una shida, nimewashika.

"Yaye, Baba Moraa! Hiyo maumivu imeingia kwa kichwa?" aliniuliza. Lakini alienda.

Kesho yake daktari akaja kitandani kwangu akitabasamu. "Mkojo ni safi. Nenda nyumbani, kunywa maji mengi, rudi baada ya wiki mbili."

Nilifurahi kidogo tu. Kumbe hawakuwa waongo. Walikuwa wamesema ukweli mtupu kuhusu figo za Kemunto. Zangu hakuna aliyejua hali yake. Kwa aibu nikataka kuchukua dawa za maumivu niende zangu.

Kemunto akanikazia macho. "Umwambie sasa hivi, ama nimwambie mimi."

Nikamwambia. Daktari alimtazama Kemunto, akanitazama mimi, wala hakucheka. Nikaletewa kikombe kingine, na safari hii muuguzi alisimama mlangoni. Nilistahili.

Majibu yalikuwa mabaya. Figo ilikuwa inaumia. Wakaingiza kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo, wakalivunja jiwe, wakaacha ndani mpira mwembamba wa kupitisha mkojo. Kwa siku kadhaa kila nikikojoa nilichomwa hadi nikalia mbele ya watoto. Baadaye mpira ulitolewa, na kipimo cha mwisho kilirudi vizuri.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na huyu mama aliyeketi pale akificha uso. Sitawadanganya, bado nashuku watu. Nanyi mkienda hospitali ulizeni maswali, hata mara kumi. Lakini mkojo, kila mtu apeleke wake. Mimi nilidhani nimemtega daktari. Yeye angeenda nyumbani kwake salama. Figo ilikuwa yangu.