Mdoli Aliyeshonwa Kichwa Chini

Watoto walimwita Bibi Mabaki na hakuna mzazi aliyewakataza, maana jina lilikuwa la haki yake. Kila kitu kilichomo ndani ya kile chumba cha nyuma ya maktaba alikiokota mahali ambapo mwingine alikwisha kukitupa. Soksi zilizopoteza wenzao. Vifungo vya mashati yaliyogeuka matambara. Trei za mayai, ambazo vikombe vyake ukivikata vizuri unapata pua nzuri kuliko za watu wengi waliozaliwa nazo. Nyuzi za dekio kuukuu kwa ajili ya nywele. Na felti, mifuko kwa mifuko, kile kitambaa kizito chenye manyoya mafupi kinachotengenezewa kofia.

Yeye na felti walijuana siku nyingi. Alikuwa mshonaji kwenye karakana ya kofia na sapatu, kwa bwana mmoja mwenye mkono wa birika aliyefungia hata sindano kabatini, lakini vipande vinavyoanguka sakafuni hakuvijali. Yeye akavijali, akavibeba nyumbani. Uzuri wa felti ni kwamba ukiikata haifumuki nyuzi wala haidai pindo. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukata sikio la sungura na likabaki sikio. Ukikosea mshono ukaufumua, unasugua kwa ukucha tu, tundu linajifunga, hujui tena sindano ilipita wapi. Aliwaeleza watoto jambo hilo kila mara, halafu ananyamaza ghafla, nao wanadhani amesahau alichotaka kusema.

Kila Jumamosi asubuhi chumba kile kilikuwa soko. Huyu anataka gundi ya unga, yule kajikata kucha kwa mkasi, wa tatu amemnyang'anya mwenzake kifungo chekundu na vita imeanza. Watu wa mtaani walimsifu, wakasema mama yule ana roho nzuri, kwake hakubaki mtoto hata mmoja lakini angalia anavyolea wa wenzake. Ni kweli aliwapenda. Ila sababu ya kufungua chumba kile haikuwa hiyo, na hakumwambia mtu sababu yenyewe kwa kuwa angeonekana akili zimemruka.

Nyumbani kwake kulikuwa na sauti ya mtoto inayomwita. Haikuja usiku kama za kwenye hadithi. Ilikuja mchana kweupe, yeye ameketi dirishani anakata uzi kwa meno, na kutoka chumba cha pili inasema, "Mama!" Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa ya mtoto aliyebanwa na fulana kichwani, anayejua kabisa kwamba utakuja umvue. Hapo ndipo ilipomkata maini. Basi akaona afadhali akae mahali ambapo watoto wanaita kila upande, ili ile moja imezwe na nyingine. Na kweli ilimezwa, Jumamosi. Zile siku sita nyingine ilikuwa juu yake.

Mwanawe alikuwa mashoto, na mtaa mzima ukampa jina hilo hilo, Mashoto. Naye mama mtu akawa Mama Mashoto. Alipofika umri wa kushika sindano alitaka kushona midoli ya felti kama mama yake, lakini kila alichoonyeshwa kilimjia kinyume: mshono wa mama unatoka kulia kwenda kushoto, mkono wake yeye unataka kutoka kushoto kwenda kulia. Akalia, akatupa sindano, akaiokota, na siku moja akajipatia dawa. Akampindua mdoli kichwa chini, akambana kwa magoti, na mishono ya mama na mtoto ikawa inakwenda njia moja. Tangu hapo macho ya kila mdoli aliyashona hivyo, maskini mdoli miguu juu, naye anambembeleza kama mganga: "Tulia, mzee wangu, bado kidogo tu." Mzee wangu! Mtoto wa miaka saba. Baba yake kila alipomsikia alicheka mpaka akashika mbavu.

Alipokuwa na miaka tisa walimkuta ndani ya shimo la kokoto. Lilikuwa nyuma ya mtaa, limechimbwa, likaachwa, mvua zikalijaza. Viatu vyake vilikuwa ukingoni, vimepangwa. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwao, siku hiyo alikuwa kitandani na homa, amejifunika gubigubi, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu. Baada ya miezi michache wazazi wa rafiki huyo walihama naye.

"Alikuwa peke yake," ndivyo Mama Mashoto na mumewe walivyoambiwa, na maneno hayo yakaingia nyumbani yakakaa. Kifo wangekibeba, hata kama kingewapinda mgongo. Lakini kuwaza kwamba mtoto aliita, akaita tena, na hakuna mtu hata wa kusema naam, hilo halikubebeka. Baba yake akaanza kwenda shimoni kila jioni anapotoka kazini. Anaketi ukingoni mpaka giza linaingia, anarudi, anakula kimya. Mkewe alimuuliza anafuata nini kule.

"Mtoto hawezi kukaa kule peke yake," akasema.

Alikwenda miaka na miaka, mpaka miguu ikamkataa. Siku anakata roho, jambo alilokuwa akiuliza ni nani atakwenda leo. Mkewe akamdanganya kwamba atakwenda yeye. Hakwenda, na baada ya mazishi ndipo ile sauti ya chumba cha pili ilipoanza.

Sasa, Jumamosi moja kazi ilikuwa vikaragosi vya soksi. Unavaa soksi mkononi, unakunja sehemu ya vidole iwe mdomo, ndani ya mdomo unabandika felti nyekundu uliyoichora kwa kipande cha sabuni. Unakata masikio, unashona vifungo viwili vya macho. Meza ya mwisho alikaa binti mgeni aliyekuwa na wiki chache tu pale, wenzake wakimwita Kobe kwa vile kila kitu alikimaliza wa mwisho. Hakuwa msemaji. Yeye mwenyewe aliona mdoli ni bora kuliko kikaragosi, akajaza soksi yake matambara na kufunga shingo kwa uzi, na Bibi Mabaki, ambaye hakuwa na muda wa kubishana, akamwacha.

Alikuwa amempa mgongo, anamfungulia mtoto mwingine gundi, aliposikia nyuma yake, taratibu kabisa:

"Tulia, mzee wangu, bado kidogo tu."

Kwanza hakugeuka. Alijisemea, "Leo ile sauti imenifuata mpaka huku, basi nimekwisha." Kisha akageuka, maana kutogeuka ilikuwa vibaya zaidi. Kobe alikuwa ameinama. Mdoli wake yuko kichwa chini, amebanwa kwa magoti, na sindano inaingia kwenye jicho kutokea upande wa kidevu.

Alimwendea akishika kingo za meza.

"Mjukuu wangu, unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Bibi."

Na sindano kweli ilikuwa mkono wa kulia, na mkono ule ulikuwa unapata taabu tupu, kiwiko kimepanda juu kama cha mtu anayejikuna mgongo. Hakuna mtu wa mkono wa kulia anayeshona hivyo. Hana faida yoyote ya kumpindua mdoli.

"Sasa mbona unamgeuza? Si unajitesa bure?"

"Macho hushonwa hivi," Kobe akasema, akishangaa mtu mzima asiyejua. "Baba ndivyo anavyoshona."

"Na hayo maneno?"

"Usipomwambia, ataogopa."

"Baba yako ni fundi?"

"Ni dereva wa lori. Alifundishwa na rafiki yake, zamani. Nikimuuliza rafiki gani, anatoka nje."

Bibi Mabaki aliwaacha watoto wafanye watakavyo, na siku hiyo walifanya kweli. Gundi ilikutwa hadi kwenye pazia. Saa ya kutoka ilipofika alimshika Kobe mkono akatoka naye. Alikuwa amewahi kumwona baba huyo kwa mbali, mtu mrefu anayesubiri ng'ambo ya barabara karibu na fundi viatu, hata mvua ikinyesha. Alidhani ana majivuno. Sasa alipomwona bibi anavuka kumfuata, yule baba alirudi nyuma hatua moja, akagonga meza ya fundi viatu, misumari ikamwagika.

"Shikamoo, Mama Mashoto," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu amzike mumewe. Hakuitikia. Alisema, "Njoo ndani," akageuka, naye akamfuata. Kobe walimwacha kwa mkutubi na mdoli wake.

Ndani mlikuwa na viti vya watoto tu. Yule baba alisimama. Bibi hakumkaribisha wala hakumuuliza habari za wazazi wake.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana, Mama. Nilikuwepo."

Bibi akaketi juu ya kiti kidogo. Miaka yote alikuwa akiomba asikie neno hilo, na sasa limekuja, hakujua alipokee kwa furaha au alirushe ukutani.

Yule baba akasema yote kwa haraka, kama mtu anayemaliza kabla hajazuiwa. Walikwenda kuoga, jua lilikuwa kali. Mashoto aliteleza kwenye udongo wa ukingoni, akaingia penye kina. Yeye akalala kifudifudi akampata mkono, akavuta, hakuweza. Kupiga kelele alipiga, lakini mashine za kuponda kokoto za machimbo mapya ya upande wa pili zilikuwa zinanguruma.

"Aliniita?" bibi akauliza.

"Alikuita mara moja, mwanzoni. Baadaye akaacha, akawa ananisemesha mimi, kwa sababu nilikuwa nalia kuliko yeye. Akaniambia nitulie, bado kidogo tu. Vile alivyokuwa akiwaambia midoli." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Halafu mkono ukatoka. Udongo ulikuwa unateleza. Sijui uliteleza au niliuachia, Mama. Nimejiuliza mpaka leo. Nilikimbia nyumbani na nguo mbichi nikajifunika."

Nje watoto walikuwa wanaagana kwa kelele. Bibi Mabaki alisubiri zipungue.

"Ulipaswa kusema."

"Nilikuwa mtoto."

"Najua ulikuwa mtoto. Ulikua lini?" Sauti yake ilimshangaza hata yeye. "Umepata leseni. Umepata mke, umepata binti, unamfundisha kushona kwa mkono wa mwanangu. Siku zote hizo mdomo ulikuwa umeuweka wapi?"

"Nilikuja, Mama. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, mara ya pili ndiyo kwanza nimeoa. Nilipita njia ya shimoni ili nijipe moyo. Mara zote mbili nikamkuta Baba Mashoto amekaa pale. Nikashindwa, nikarudi. Hata sasa, huyu mtoto nilimleta kwa sababu mwenyewe siwezi kuvuka barabara."

"Ulimwona."

"Nilimwona."

"Amekaa."

"Amekaa, ameshika mashavu."

Bibi alifumba macho, akamwona mumewe vile vile, na kijana mrefu nyuma yake ameshikilia neno moja ambalo lingemwinua pale, limrudishe nyumbani, ale chakula chake kingali moto. Hasira ikampanda, na chini ya hasira kulikuwa na ahueni kubwa hata akaona haya. Mwanawe alikuwa na mtu. Alishikwa mkono. Hadi mwisho alikuwa na wa kumbembeleza.

"Mimi umenikuta," akasema. "Baba yake umemchelewa."

Yule baba alisimama pale kichwa kikigusa kamba ya vikaragosi vilivyoanikwa, na baadaye akauliza, kwa sauti ya mtoto kabisa, kama anaruhusiwa kwenda kumwambia hata hivyo.

"Kumwambia marehemu?"

"Ndiyo, Mama."

"Nenda. Mimi sikusindikizi, usinitazame. Makaburi yako nyuma ya uwanja wa mpira, pita geti la pili, ukiona mti uliokatwa kata kushoto."

Akashukuru, akatoka. Kupitia dirishani bibi alimwona anamchukua Kobe, wanashika njia ya uwanjani, mtoto akiuliza maswali na baba hajibu. Alianza kuokota vipande vya felti sakafuni. Aliokota viwili vitatu, akavitupa, akatafuta viatu vyake chini ya meza huku analaani, maana kibao cha kaburi kilioza zamani na pale yamejipanga makaburi mengi yanayofanana, na yule mtu angeweza kupiga magoti akamweleza yote marehemu mwingine kabisa. Aliwafikia getini, akamshika Kobe mkono, akatangulia.