Kiti cha Wifi

Msusi alipomuona mshonaji akiingia saluni, aliwahi kukung'uta kiti chake. Mteja wake kwa miaka kumi na moja huyo! Mshonaji akampita bila hata salamu, akaenda kuketi kwenye kiti cha wifi yake.

Msusi akashikwa na wivu. Hivi huyu wifi, dada wa mume wake, si yeye msusi mwenyewe aliyemfundisha hata kushika kitana? Leo ndiye kipenzi cha wateja, na huyu ni wa tatu kumkimbilia mwezi huu. Tena wakishakaa kule, upande wake wa kushoto, wanacheka. Yeye anaona mabega yakitikisika tu. Alikuwa na hakika kwamba wanamsengenya.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa miezi mingi. Daktari alimwonyesha kwenye picha uvimbe mdogo kama punje ya harage, umeota kwenye mshipa wa kusikia. Si saratani, akamwambia, na unakua polepole, ila sikio halitarudi. Msusi aliikunja karatasi ya majibu, akaificha hata kwa mumewe. Nani atamtaka msusi kiziwi? Akazoea kusoma midomo kwenye kioo, na pale mteja anapoinamishwa asukwe kisogoni, huku mashine ya kukaushia nywele ikivuma, yeye hucheka kidogo na kuitikia chochote.

Siku hiyo uvumilivu ulimwisha. Akaenda kusimama mbele ya mshonaji.

"Shoga, nimekukosea nini? Au wifi kakulisha limbwata umpende yeye?"

Mshonaji alimkazia macho. "Mara ya mwisho nilikuwa kwenye kiti chako, nimeinama. Nikakwambia mimba yangu imetoka. Ya miezi mitano. Hata mama yangu nilikuwa sijamwambia. Wewe ukacheka, ukaniuliza rasta ndefu au fupi."

Msusi alilisoma kila neno mdomoni mwake.

"Sikukusikia," akasema. "Sikio hili limekufa. Wallahi, sikukusikia."

Wifi akazima mashine. Mshonaji akalitazama lile sikio, kisha akafuta machozi kwa kiganja.

"Basi kaa hapa mbele yangu. Wifi yako anisuke, nikuhadithie upya."

Msusi akavuta kigoda, akakaa. Vidole vya wifi vilipoingia kwenye zile nywele, wivu ulimchoma vilevile, lakini hakuyabandua macho kwenye midomo ya shoga yake.